Michezo Isiyo na Sauti Sebuleni kwa Bwana Hemedi

Masika yaliyopita nilikwenda kwa fundi mmoja mtaani kwetu kuchukua pasi yangu, nikamkuta amewasha televisheni ya zamani, zile za kichogo, anaipima kama bado inafaa. Ilipopata moto, vumbi lililolala ndani yake kwa miaka likaanza kuungua. Harufu ile ilinirudisha nyuma hatua mbili. Fundi akaniuliza, "Mama, vipi, umeme umekugusa?" Nikamwambia hapana, nikatoka nje nikasimama juani mpaka moyo ukatulia. Ninyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo, na najua kwa wengi wenu ni ya furaha, ya kuketi sakafuni kwa jirani mkigombea nafasi ya mbele. Kwangu mimi ni harufu ya sebule ya Bwana Hemedi, na ya mkewe, ambaye watoto wote tulimwita Anti Fadhila.

Tulikaa Kilosa mjini, upande wa reli, mahali ambapo kiangazi sufi huchomoka kwenye misufi na kuelea hewani mpaka inaingia kwenye mboga. Baba alikuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge. Shamba lilipouzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani na baiskeli na koti lake la kazi, akakaa barazani wiki baada ya wiki akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kila mtu aliambiwa yuko huru kufanya biashara, ila wengi hawakuwa na cha kuanzia. Chama cha ushirika kilikuwa kimelala usingizi wa pono, na mahindi na ufuta sasa vilinunuliwa na watu binafsi wenye magari yao. Kwetu mtu huyo alikuwa Bwana Hemedi. Alinunua mazao Magole, Kilangali, na Ulaya, kijiji cha huko kwetu, si ile ya ng'ambo, popote gari lilipoweza kufika, na alipohitaji mtu mwaminifu wa mizani alimchukua baba. "Ugali wetu unapitia mkononi mwa yule bwana," mama alizoea kusema, na sikujua kama alikuwa akishukuru au akilalamika.

Alikuwa mtu mpole. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, hata kwa mpakiaji aliyepasua gunia. Ukimwamkia shikamoo alisimama, akakutazama, akakuitikia marahaba kama vile wewe ni mtu mzima mwenzake. Wazazi walimtolea mfano kwa watoto wao. Mashati yake yalikuwa meupe siku zote, na katika mji wenye vumbi jekundu kama wetu, hilo lilitosha kumfanya mtu aonekane ana siri fulani ya maisha bora.

Televisheni yake ilikuwa ya kwanza mtaani. Mawimbi ya vituo yalikuwa hayatufikii vizuri, kwa hiyo alinunua na deki ya kuchezea kanda za video, na mpwa wake aliyekuwa Dar es Salaam alimrekodia michezo mifupi ya mapenzi, ile ya nusu saa nusu saa, akampelekea kanda kwa basi. Muda mfupi baadaye umeme ulipanda ghafla ukaunguza spika. Picha ilibaki, sauti ikafa. Watu walimshauri aite fundi. Bwana Hemedi akatabasamu. "Mchezo ni wa kutazama," alisema. "Kelele za nini?" Basi kila Jumamosi mchana alifungua milango ya sebule yake, wanawake wakaja na vigoda vyao na karanga zao za kubangua, sisi watoto tukajipanga sakafuni, na tukatazama mapenzi yasiyo na sauti.

Nadhani ndiyo maana niliyatazama vile. Mchezo wenye sauti unakuambia kila kitu; huu haukuniambia kitu, ilinibidi nitafute. Niligundua kwamba katika michezo ile watu hawakufanya mengi. Mwanamume alikaa mezani. Mwanamke aliingia na birika. Picha ilisogea taratibu mpaka ikabaki mikono tu: mkono wa mwanamke ukimimina chai, mkono wa mwanamume ukizungusha kikombe juu ya kisahani bila kukiinua. Kisha macho ya mwanamke. Kisha mlango uliofunguka nusu, na pazia likitikisika. Kisha macho ya mwanamume, kwa muda mrefu mpaka unasahau kutafuna karanga. Sikuwa nimewahi kuona watu wakitazamana namna ile. Baba na mama walipotazamana walikuwa wakitafuta kitu kilichopotea. Nikaamua, kwa akili yangu ya mtoto, kwamba hayo ndiyo mapenzi yenyewe: hayana kelele, yanakaa mikononi na machoni, na ukiwa karibu nayo pumzi yako inakuwa fupi.

Na niliyaona hayo hayo katika nyumba ile ile tuliyokuwa tumekaa. Nikigeuza shingo kidogo tu, nilimwona Anti Fadhila akimletea mumewe chai barazani, alikokuwa akizungumza na madereva wake. Aliweka kikombe, akarudi nyuma hatua moja, akasubiri. Bwana Hemedi hakunywa. Alimtazama. Alinyosha kitambaa cha meza kilichofumwa kwa uzi, kona moja, kisha kona nyingine, polepole, bila kuondoa macho usoni kwake. Naye aliinamisha uso. Nilihisi joto masikioni. Nilikwenda nyumbani nikafanya mazoezi ya kuinamisha uso mbele ya kioo cha mama.

Anti Fadhila alikuwa mtu wa Ifakara, mrefu, mwenye mwanya, mdogo kwa mumewe kwa miaka mingi. Kwa kuwa spika ilikuwa imekufa, wanawake walimwomba atusemee wale watu wa kwenye kioo, kwa sababu kanda zilirudiwa na ilidhaniwa amezizoea. Alikubali. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono magotini, na kila midomo ya kwenye kioo ilipochezacheza yeye alitia maneno. Alikuwa na kipaji cha ajabu. Sauti ya mwanamume aliifanya nzito, ya mwanamke nyembamba, na Bibi Mwamvua, jirani yetu mzee aliyependa Kisagara kuliko Kiswahili, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kona ya khanga.

Yapo mambo mengine niliyoyaona na kuyapangia maana yake. Anti alivaa mikono mirefu hata katika joto lile la Oktoba ambapo hata kuku hulala wameachama. Nikajua ni kwa sababu mwanamke wa kwenye mchezo naye alivaa hivyo, ni mtindo. Bwana Hemedi aliposafiri alifunga mlango kwa kufuli kubwa kwa nje, na Anti yumo ndani. Nikajua ni kwa ajili ya wezi, kwa maana nyumba yenye televisheni lazima ilindwe. Nilimwonea wivu. Nilimwona kama malkia aliyekabidhiwa hazina. Siku moja nilipita dirishani kwake nikamuuliza, "Anti, unatazama peke yako siku nzima?" Akanijibu kupitia nondo, "Ndiyo, Rehema. Natazama tu."

Mama ndiye aliyeanza kusikia. Ilikuwa Jumamosi moja, kanda ile ya mezani, ambayo tulishaiona mara kadhaa. Bwana Hemedi alikuwa ametoka kuwaonyesha madereva gari lililoharibika. Mwanamume wa kwenye kioo akafungua mdomo, na Anti, kwa ile sauti nzito, akasema, "Jana ulisimama dirishani. Ulikuwa unamtazama nani?" Mwanamke wa kwenye kioo akatabasamu, akajibu kitu, na Anti akasema kwa sauti nyembamba, "Sikumtazama mtu, mume wangu. Nilitaka hewa." Kisha sauti nzito tena: "Basi kesho dirisha hilo nalo nitalipigilia mbao."

Wanawake wakacheka, kicheko cha mazoea. Mimi nikainuka kwa magoti, nikakasirika kwa ajili ya mchezo wangu. "Lakini Anti," nikasema, "si hivyo! Yule dada anacheka!"

Anti hakunigeukia. Alibaki akitazama kioo. "Anacheka," alisema kwa sauti yake mwenyewe, "kwa sababu mumewe anamwangalia."

Nilisikia karanga zikiacha kubanguliwa. Mama alikuwa ameshika ganda moja kati ya vidole, hakulivunja. Hapo viatu vya Bwana Hemedi vikasikika barazani, akaingia, akasimama nyuma ya kiti cha mkewe na kuweka mkono juu ya egemeo. Anti akarudi kwenye mchezo bila kukatisha pumzi: "Karibu chai, mume wangu. Nimekuwekea na iliki." Picha ilikuwa ile ile, sekunde chache tu mbele. Mimi nilidhani amesahau maneno. Bibi Mwamvua alimtazama mama, mama akamtazama Bibi Mwamvua.

Tangu siku hiyo wanawake walikuja mapema zaidi na hawakucheka sana. Kila Bwana Hemedi alipotoka, michezo ilibadilika. Wapenzi wa kwenye kioo walitembea bustanini kati ya maua, na Anti aliwasemea kuhusu mlango, kuhusu mkanda wa suruali, kuhusu baba aliyemrudisha binti yake kwa mumewe akisema ndoa ni uvumilivu. Mimi nilichoka na michezo hiyo. Nilimwambia mama kwamba Anti siku hizi anakosea kila kitu. Mama akasema, "Hakosei, mwanangu. Nyamaza."

Jioni moja nikiwa uani naosha vyombo niliwasikia yeye na baba wakizungumza jikoni.

"Ni nyumba ya mtu, Mama Rehema," baba alisema. "Mambo ya mke na mume tutaingiaje?"

"Baba yake mzazi alimrudisha. Wazee wakakaa, wakapewa soda, wakaondoka. Nani mwingine aingie?"

"Na kesho watoto wale nini?"

Mama aliipua sufuria. "Sijasema ni rahisi," akasema.

Baba alitoka nje, akanipita bila kuniona, akaenda kutengeneza baiskeli ambayo ilikuwa nzima.

Jumamosi iliyofuata sebule haikufunguliwa. Wala ile nyingine. Ilipofunguliwa tena, Anti alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile, mdomo wa juu umevimba, amejipaka poda. "Niliteleza bafuni," alituambia kabla hatujauliza. Mchezo ukaanza. Bwana Hemedi alikuwa amekaa nyuma siku hiyo, na Anti alisemea mapenzi matamu, asali na maua, kwa sauti isiyo na kitu ndani yake. Kisha dereva akamwita nje. Alipovuka kizingiti tu, sauti ya Anti ikashuka. Kwenye kioo mwanamume alikuwa akimvisha mwanamke mkufu. "Mwisho wa mwezi huu nakuhamishia shamba," alisema Anti, "kule nyuma ya vilima. Hakuna jirani. Hata jogoo wa mtu hatasikika. Huko utanyamaza vizuri."

Sufi moja iliingia dirishani ikatua kwenye kioo, juu ya uso wa yule mwanamke, ikang'ang'ania pale. Hakuna aliyeinuka kuiondoa.

Siku chache baadaye Bwana Hemedi alikwenda Magole kununua mahindi. Alipoondoka alimwachia baba funguo za ghala, na kwenye pete hiyo hiyo kulikuwa na ufunguo wa kufuli la nyumba yake. "Ukitokea moto," alimwambia. Ilikuwa asubuhi. Tulikuwa tumekaa mkekani, baba anakunywa chai kabla ya kwenda kazini. Alikunywa kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akatoa zile funguo mfukoni, akaziweka kando ya kikombe cha mama, taratibu, bila kuziliza. Alimtazama mama. Sikuwa nimewahi kuwaona wakitazamana hivyo, na hawakuwa wakitafuta kitu kilichopotea. Kisha akainuka, akavaa koti lake la shamba la mkonge, akatoa baiskeli.

"Baba!" nikapiga kelele. "Umesahau funguo!"

Hakugeuka. Nilimkimbilia mpaka njiani, nikapiga kelele tena, na nikaona mgongo wake ukikaza chini ya koti, na miguu ikizidi kukanyaga pedali. Niliporudi mama alikuwa tayari amevaa kilemba. "Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda gulioni Ulaya."

Nilidhani tunakwenda kununua vitunguu. Hata tulipopitia kwa Bwana Hemedi, na mama akafungua kufuli kama mtu anayefungua kabati lake mwenyewe, nilidhani Anti naye anataka vitunguu. Alitoka na kikapu kimoja na khanga kichwani, akasimama kizingitini akikodoa macho kwa ajili ya jua. Mama akamshika mkono. Kisha akafunga kufuli tena, akalivuta kuhakikisha. Bibi Mwamvua alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake. Alifagia vumbi, akafagia na nyayo zetu, wala hakuinua kichwa.

Lori la gulio lilijaa watu, magunia, na mama mmoja wa Kimasai aliyekumbatia vibuyu vya maziwa. Anti alikaa chini kabisa, kati ya magunia, mimi nimekalishwa mbele yake kama pazia. Kila gari lilipotokea mbele mkono wake ulinibana bega. Tulifika Ulaya, watu wakashuka, sisi hatukushuka. Nikauliza vitunguu. Mama akasema, "Vya Mikumi ni vizuri zaidi." Barabara iliingia kwenye miombo, nyani wakavuka mbele yetu bila haraka, na hapo ndipo woga uliponianza, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kufuata vitunguu mpaka Mikumi.

Mikumi ni mji wa barabara kuu. Kila kitu pale kinapita. Tulisimama nje ya hoteli ya chakula kusubiri basi la kwenda Iringa, kwa maana Anti alikuwa na mama yake mkubwa Mafinga, muuguzi, mwanamke ambaye Bwana Hemedi hakuwahi kumwona. Harufu ya dizeli na ndizi za kukaanga ilikuwa imetanda. Na mimi ndiye niliyemwona Sadiki kwanza. Alikuwa dereva mmoja wa Bwana Hemedi, ametoka hotelini, anachokoa meno. Kwa tabia njema niliyofundishwa nikasema kwa sauti, "Shikamoo!"

Aligeuka. "Marahaba, Rehema." Kisha akamwona mama. Kisha akamwona Anti, ambaye alikuwa amejifunika uso mzima ila macho. "Shemeji?" akasema. "Kulikoni? Tajiri yuko huku?"

Basi lilikuwa linaonekana mbali, jua likiwaka kwenye kioo chake cha mbele. Sadiki alimtazama Anti, akaangalia kikapu, akaangalia mkono wa mama uliokuwa umeshika mkono wa Anti. Alikuwa amekunywa chai kwenye baraza ile mara nyingi. Alikuwa ameona kitambaa kikinyoshwa.

"Mimi macho yananisumbua siku hizi," alisema mwishowe, polepole. "Vumbi la safari. Naweza kupishana na mtu nisimjue." Akatupa kijiti chake cha meno, akatugeuzia mgongo, akarudi ndani.

Anti alipanda. Hakulia wala hakupunga mkono. Alikaa upande wa pili wa basi, mbali na dirisha, na lilipoondoka sikuona hata khanga yake. Nilimuuliza mama kama atarudi Jumamosi. Mama aliketi juu ya jiwe kando ya lami, akavua kilemba, akakikunja vizuri magotini, ndipo akaniambia hapana.

Bwana Hemedi alikuja kwetu kesho yake alasiri. Alibisha hodi vizuri. Alipokaribishwa akakaa kwenye kiti, na juu ya meza yetu akaliweka lile kufuli.

"Halijavunjwa," alisema. "Nimeliangalia sana. Halina hata mkwaruzo."

Baba alikuwa amesimama. "Naona," alisema.

"Funguo zilikuwa kwako, Baba Rehema."

"Zilikuwa kwangu."

"Zote?"

"Zote."

Bwana Hemedi akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekubaliana na hesabu. Mama alimletea chai. Hakunywa. Meza yetu ilikuwa na kitambaa ambacho mama alikifuma mwenyewe, na mkono wake ukakifikia, ukainyosha kona moja, kisha nyingine. Niliutazama mkono ule. Nilikuwa nimeutazama Jumamosi nyingi, nimeupenda, nimeuigiza mbele ya kioo. Kisha akaniinulia macho.

"Rehema, mwanangu," alisema. "Anti yako anakupenda sana. Hakukuaga?"

Hakupaza sauti. Hakusogea. Lakini kitu kilishuka kutoka kichwani kwangu mpaka nyayoni, baridi kama maji ya mto Mkondoa wakati wa mafuriko, na midomo yangu ikatanuka yenyewe, nikatabasamu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. "Hapana, baba," nikasema. "Sijamwona." Hapo ndipo nilipoelewa, mwili wangu ukitangulia akili, kila nilichokuwa nimekiona katika sebule ile.

Mama akaja akasimama kati yetu, tumbo lake karibu liguse kile kikombe. "Mtoto ameshakujibu," alisema.

Bwana Hemedi aliinuka. Mlangoni alimwambia baba, kwa upole ule ule, kwamba msimu ujao hatahitaji mtu wa mizani, na kwamba anadhani hata wanunuzi wenzake hawatahitaji. Akatuaga wote. Kufuli aliliacha mezani, na baba alikwenda kulitupa mtoni.

Tulipata taabu, sitaficha. Baba alilima bonde la watu kwa kugawana mavuno, mama akauza maandazi stesheni. Habari za Anti zilikuja kwa mdomo wa kondakta mmoja wa basi aliyeteremka Mikumi akauliza mpaka akampata mtu wa kumfikishia mama: "Mzigo umefika Mafinga, na haujavunjika." Baadaye tulisikia anafuma masweta ya wanafunzi kwa mashine, baadaye tena kwamba ana mtoto wa kiume. Kilosa hakurudi hata siku moja, na mama hakumlaumu.

Kabla ya masika Bwana Hemedi alioa tena, binti wa Magole aitwaye Mwajabu, ambaye hakuwa amenizidi miaka mingi. Jumamosi moja tukasikia muziki mtaani, mkubwa, wa ngoma na vinanda. Alikuwa ametengeneza spika. Sijui nani alimwambia habari za yale maneno ya Anti, au kama aliyakisia mwenyewe, lakini sasa televisheni ilisema kila kitu yenyewe na hakuna aliyehitajika kuisemea. Milango ilikuwa wazi. Wanawake walisimama njiani na vigoda vyao, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia. Kupitia mlangoni nilimwona Mwajabu kwenye kile kiti cha pembeni, mikono magotini. Alikuwa amevaa mikono mirefu.

Mama alikuwa anatoka stesheni na beseni tupu la maandazi. Alisimama, akatazama ndani muda kidogo. Kisha akaliweka beseni chini, akachukua kigoda cha mtu, akaingia, nami nikamfuata. Hakukiweka mbele ya televisheni. Alikiweka mbele ya Mwajabu, akaketi akimwelekea, magoti karibu yagusane.

"Hujambo, mwanangu. Mimi ni Mama Rehema, nakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Tumekuja kukujua."

Bwana Hemedi alikuwa amesimama karibu na kioo. Aliongeza sauti. Wapenzi wakaanza kuongea kwa kelele, sauti zao za kweli, ambazo sikuwa nimewahi kuzisikia na wala sikuzisikiliza. Mama naye akapaza yake.

"Na Jumamosi ijayo tutakuja tena," alisema, "na itakayofuata. Ukiwa mzima tutakuona. Na usipokuwa mzima, tutaona."

Bibi Mwamvua aliingia akikokota kigoda chake, akaketi kando ya mama, mgongo kwa televisheni. Kisha mwingine. Kisha wote, mpaka sebule ikajaa. Sitawadanganya kwamba Mwajabu hakuumia katika nyumba ile; alikaa humo miaka, na zipo Jumamosi ambazo uso wake haukuwa sawa. Lakini shamba lile nyuma ya vilima hakupelekwa kamwe. Siku ile mchezo uliendelea mpaka mwisho wake, wapenzi wakatazamana, picha ikasogea taratibu hadi kwenye mikono yao, na katika chumba kile kizima hakuna mtu aliyekuwa akikitazama kioo. Walikuwa wamegeuka wote, wanawake na watoto, wanamtazama Bwana Hemedi.